Robo ya Misumari

Shule ilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, mtu mmoja tu aliendelea kufika kila asubuhi kama kawaida: Kengele. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye makaratasi ya ofisi, na huko ndiko lilikobaki. Watoto walimwita Babu Kengele kwa kuwa yeye ndiye aliyegonga rimu ya lori iliyoning'inia nje ya ofisi, mara moja kuingia darasani, mara mbili mapumziko, mara tatu kwenda nyumbani. Alifagia pia, aliziba mabomba, na hakuna dawati pale lisilokuwa na msumari wake.

Hata sasa aligonga. Mwalimu mkuu alimwambia kwa simu asijisumbue, hakuna mtu wa kuingia wala wa kutoka.

"Rimu isipogongwa inaingia kutu," Kengele alijibu.

Uongo mtupu. Rimu ile ilikuja na kutu yake.

Wiki ya tatu akaanza kuja mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Mama huyu alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Watoto walimwita Mama Tumeelewa, kwa sababu kila akimaliza jambo aligeuka kutoka ubaoni, akafuta chaki kwenye kiganja, akauliza, "Tumeelewa?" Na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" kwa sauti ya kutikisa mabati. Walioelewa waliitikia. Wasioelewa waliitikia zaidi.

Sasa walimu walitakiwa kujirekodi kwa simu na kutuma somo kwenye kundi la darasa. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu sita na jirani mwenye cherehani, kwa hiyo akaomba kutumia darasa lake. Kengele alimtengenezea kishikio: aliifunga simu kwenye mpini wa ufagio kwa mpira wa tyubu, ufagio akausimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Kikasimama kama askari wa zamu.

"Umetumia akili, mzee," mwalimu alisema nyuma ya barakoa.

"Akili ndogo, Mwalimu. Kubwa nimeiacha nyumbani isije ikaambukizwa."

Siku ya kwanza alifundisha vizuri mpaka alipofika kwenye neno lake. Akageuka, akauliza, "Tumeelewa?" Madawati arobaini na moja yakamtazama. Akasubiri. Akauliza tena, taratibu kuliko mwanzo. Kisha akaketi kwenye kiti chake, akavua miwani.

Kengele alikuwa nje dirishani anakaza bawaba. Akajifanya haoni, lakini bawaba ile ilishakazwa zamani.

"Mzee," mwalimu aliita. "Siwezi kufundisha mbao. Ingia uketi. Nikiuliza, wewe itikia tu."

"Mimi? Kuna choo kinavuja kule."

"Choo kimevuja miaka minne. Kitangoja nusu saa."

Akaingia, akaketi dawati la nyuma kabisa, karibu na mlango, magoti yakagonga ubao. Mwalimu hakujua jambo ambalo hakuna mtu pale shuleni aliyelijua. Kengele aliacha shule darasa la nne. Kusoma alisoma, polepole, kidole kikitangulia. Lakini hesabu za darasa la sita kwake zilikuwa kama maandishi ya ukutani kwa ng'ombe. Na mjukuu wake, aliyekuwa darasa hilohilo la sita, Kengele alikuwa amemwambia kwa kinywa chake kwamba alimaliza shule.

Basi siku tatu mfululizo mwalimu aliuliza, "Tumeelewa?" na sauti moja nzito ikajibu kutoka nyuma, "Ndiyo, mwalimu." Mama yule akachangamka kama mmea uliomwagiwa maji. Watoto ndio hawakuchangamka. Mwalimu aliwataka watume majibu kwa sauti, wachache wakatuma, halafu wakapungua. Jumanne saba. Jumatano watatu.

"Mwalimu mkuu amenipa mpaka Ijumaa," alimwambia Kengele Alhamisi asubuhi, huku akinawa langoni kwenye pipa ambalo mzee aliliwekea bomba. "Nisipopata watoto wanaojibu, darasa langu watapewa walimu wa vipindi vya redioni. Na mimi wakinichukulia darasa, mwaka wangu uliobaki siudai. Narudisha chaki, nakwenda kulala."

"Lala gani na wajukuu sita?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Siku hiyo somo lilikuwa sehemu. Mwalimu akaandika ubaoni moja juu ya tatu, na pembeni moja juu ya nne. Akasema ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Akaeleza habari za juu na chini, kiasi na asili, akachora mstari, akafuta chaki kiganjani.

"Tumeelewa?"

"Hapana," alisema Kengele.

Hakukusudia. Lilimtoka tu. Tangu mwanzo alikuwa anafuata neno kwa neno, na kitu kilikuwa kinamwasha kama jiwe ndani ya kiatu, akasahau simu, akasahau ndoo ya mchanga, akasahau hata umri wake.

Mwalimu alibaki na mkono hewani. Miaka thelathini na tatu hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Hapana, mzee?"

"Nne si kubwa kuliko tatu? Mbona hiyo ya nne unaifanya ndogo? Hapo unatuonea, Mwalimu."

Mwalimu akatazama ubao wake kana kwamba kauandika mtu mwingine. Kisha akaweka chaki chini.

"Misumari unanunuaje dukani?"

"Kwa kilo. Au nusu. Au robo, kama ofisi wamebana."

"Ukiwa na kilo moja, mkaigawana mafundi wanne sawasawa, kila mmoja anapata nini?"

"Robo. Hilo nalo la kuuliza?"

"Fundi mmoja asipokuja? Mko watatu."

"Tunapata zaidi ya robo. Watu wakipungua, misumari inaongezeka." Akaangalia ile tatu, akaangalia ile nne. "Ngoja kwanza. Hiyo ya chini... ndio mafundi?"

"Ndio mafundi."

"Na hiyo moja juu ya nne ndiyo robo? Robo hii ninayonunua mimi kila siku?"

"Ndiyo hiyohiyo."

Kengele akapiga dawati kwa kiganja. "Sasa mbona hamkusema tangu mwanzo! Mimi mlinitoa darasa la nne kwa fimbo, mwalimu wetu kaniuliza hiihii, nikasema nne ni kubwa, akanichapa, nikatoka, sikurudi. Kumbe ni robo!"

Alicheka mpaka barakoa ikamshuka chini ya pua. Mwalimu naye akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na unga shavuni. Ndipo Kengele alipoona taa ndogo nyekundu ya simu inawaka juu ya mpini wa ufagio.

Kicheko kikakatika.

"Imeingia?"

"Yote."

"Futa."

"Mzee, hili ndilo somo zuri kuliko yote niliyowahi..."

"Futa, Mwalimu. Nina mjukuu humo. Anajua babu yake amesoma. Kila muhula natia sahihi ripoti yake, nakunja uso, nasema ongeza bidii. Leo asikie nimetolewa shule na robo?"

Mwalimu akajipangusa unga shavuni. "Ni sauti yako," alisema. "Sitatuma mpaka uniambie. Nangoja mpaka saa kumi, nikikosa neno lako narekodi upya. Utaniitikia 'ndiyo', basi."

Kengele akaenda kwenye choo chake kinachovuja. Akakifungua, akakifunga, kikavuja vilevile.

Alirudi nyumbani saa tisa alasiri. Mjukuu wake alikuwa mezani na simu pekee ya nyumba ile, simu ya babu, imeegemezwa kwenye kikombe. Mtoto huyu alikuwa amekulia kwake. Mama yake, binti wa Kengele, alikuwa muuguzi, na tangu ugonjwa uanze alilala hukohuko hospitali asije akawaletea balaa. Kengele alimwita Bibi Mdogo, kwa sababu alipenda kuamrisha.

"Nawa mikono, Babu."

"Nimenawa langoni."

"Langoni si hapa."

Akanawa. Akarudi akamkuta anatazama somo la jana. Mwalimu akauliza, "Tumeelewa?" na sauti ya Kengele ikaitikia ndani ya simu, "Ndiyo, mwalimu." Bibi Mdogo akaisimamisha. Daftari lake lilikuwa wazi na halina kitu ila tarehe.

"Mbona hujaandika?" aliuliza Kengele.

"Sijui."

"Si utume sauti, uulize? Mwalimu kasema mtume."

"Niulize mimi peke yangu? Wote wamenyamaza, maana yake wote wameelewa." Alikuwa anachora duara pembeni mwa ukurasa, moja juu ya nyingine. "Hata wewe umeelewa, Babu. Kila siku naisikia sauti yako, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Na wewe siku zote unafagia. Mimi nasoma kutwa nzima na sielewi. Basi mimi ndiye mjinga."

Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma bei dukani. Hiyo ndiyo iliyomchoma Kengele.

Alikaa. Akasimama. Akaikumba mkononi chumvi iliyomwagika mezani, akaitupa, ingawa haikuwa na haja ya kutupwa. Mwaka baada ya mwaka, kila likizo ndefu, yeye ndiye aliyepaka rangi upya maneno ya ukutani pale shuleni, KUULIZA SI UJINGA, herufi kwa herufi, ulimi ukimtoka kwa umakini. Alikuwa amejua kuyapaka tu.

"Nipe simu mara moja," alisema.

"Chaji imebaki kidogo."

"Neno moja halimalizi chaji."

Akatoka nayo uani, akasimama kati ya kamba za nguo. Saa kumi kasoro dakika chache.

"Mwalimu? Tuma."

"Una hakika, mzee?"

"Sina. Tuma kabla sijapata akili."

Akarudi ndani, akaiegemeza simu kwenye kikombe palepale, akachukua nyundo, akaenda kupigilia mguu wa kitanda ambao haukuwa na tatizo lolote. Kupitia mlango ulio wazi alisikia somo likianza. Akasikia "Tumeelewa?" Akasikia ile "Hapana" yake, nzito, ya mtu mzima. Akashusha nyundo.

Kisha akasikia tena, "Hapana." Mtoto alikuwa ameirudisha nyuma. "Hapana." Tena. Halafu akaiacha iende: misumari, mafundi wanne, fimbo, darasa la nne, kicheko, mpaka mwisho.

Kengele alisubiri. Miaka kumi na mbili ya heshima ilikuwa mezani pale, imeegemea kikombe.

Alichosikia ni sauti ya kubonyeza simu, na Bibi Mdogo akisema kwa haraka, kama anayeruka mtaro, "Mwalimu, mimi pia hapana. Ya leo nimeelewa, lakini ya jana hapana. Na ya juzi."

Haikupita dakika simu ikalia. Mtoto mwingine: "Mwalimu, mimi hapana tangu Jumatatu." Ikalia tena: "Mafundi wakiwa watano je?" Kisha baba wa mtu, kwa sauti ya dharau: "Jamani, sasa mfagiaji ndiye anayetufundishia watoto?" Kabla hata mwalimu hajajibu, msichana mmoja mwenye mafua akaingia: "Shikamoo, baba. Yeye hafundishi. Yeye ni mwanafunzi mwenzetu, anakaa nyuma." Mpaka jua linazama zilikuwa zimefika sauti ishirini na sita, na mwalimu akajibu kila moja, akipiga chafya za chaki, na darasa lake hakuna aliyethubutu kulipeleka redioni.

Lakini hayo Kengele aliyajua baadaye. Wakati ule alikuwa amesimama mlangoni na nyundo, akijaribu kupata uso wa kuingia nao.

"Babu," Bibi Mdogo alisema bila kugeuka. "Uliniambia ulimaliza shule."

"Nilikwambia nilitoka shule. Hukuniuliza nilitokea mlango gani."

"Ulisema umemaliza."

"Nilimaliza uvumilivu."

Mtoto akageuka. Alimtazama muda mrefu, kama anavyotazamwa mgeni aliyefanana na mtu unayemjua. Kengele akaona ni heri angetukanwa.

"Alikuchapa sana?"

"Ya kutosha."

"Kwa sababu ya robo?"

"Kwa sababu ya robo."

Bibi Mdogo akatelemka kitini. Akaenda kwenye kasha lake la vitabu, akapekua, akatoa daftari la mwaka jana. Akazing'oa kurasa za mbele zilizoandikwa, moja moja, kwa uangalifu ili zilizo tupu zisichanike, akazipanga pembeni. Kisha akaandika kwenye jalada, akamsukumia mezani.

Kengele akavuta kiti. Kidole kikatangulia. Jina: Babu. Darasa: la sita. Somo: Hesabu.

Alikohoa, ingawa siku hizo mtu hakohoi ovyo mbele za watu. Akalipindua daftari, akalipima kwa dole gumba na kidole cha shahada kama anavyopima mbao.

"Mbona limekonda? Unanipa nusu daftari mimi?"

"Robo tatu, Babu," alisema Bibi Mdogo. "Hesabu vizuri."

Akalamba kidole, akaanza kuhesabu.