Mke wa Mgonjwa

Siku naondoka kazini niliwaambia wakinitaka tena wanifuate kaburini. Wapi, wale watu hawana masikio. Mkuu mpya, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufungua kitasa bila kukikwaruza, alinipigia simu asubuhi nikiwa nasugua sufuria, akanimwagia heshima nyingi mpaka nikajua ana shida. Alisema ni shughuli ya mchana mmoja tu. Nikakataa. Akasema hakuna mwingine aliyebaki anayeijua kazi ile sawasawa, na hapo, mjinga mimi, kichwa kikavimba.

Mume wangu nilimwambia nakwenda dukani. Alikuwa kitini kwake anasikiliza redio, akapunga mkono tu. Tulikuwa hatusemezani vizuri. Yeye alikuwa daktari wa gereza, na wiki iliyofuata alitakiwa kusimama mbele ya tume ya uchunguzi aeleze miili aliyoiona ikitolewa kwa mlango wa nyuma. Nilimsihi, nikamgombeza, nikamnunia, akashikilia lake. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu kwake ni vivuli tu, lakini ukimwambia habari ya kunyamaza anakuwa mbishi kuliko punda. Nilijua watakaoumbuliwa ni watu gani. Nilikula mkate wao miaka mingi.

Kazi yangu ya zamani ilikuwa kukagua vyumba vya mazoezi. Tukitaka kuingia nyumba ya mtu, kwanza tunaijenga upya ndani ya ghala, kila kitu mahali pake, vijana waizoee mpaka waweze kutembea humo wamefumba macho. Mwenye nyumba tunamwita mgonjwa. Jina lake halijui mtu isipokuwa aliyemchagua huko juu, na sheria hiyo niliitunga mimi, kwa sababu mtu akijua jina huanza kuhurumia, na mwenye huruma mkono humtetemeka. Mkaguzi naye hafungui mdomo akiwa chumbani. Anaonyesha kosa kwa kidole, vijana wanarekebisha.

Mkuu alinichukua na gari kwenye njia panda, kama zamani. Ghala lilikuwa lilelile, baridi ileile ya sakafu ya saruji. Njiani alinieleza kwamba mgonjwa ni mwanamume, haoni vizuri, na kazi ni leo alasiri. Mke hatakuwepo, huko juu wamehakikisha amepewa shughuli ya kumweka nje mchana kutwa. Akanifungulia mlango.

Kilichonipiga kwanza ni harufu. Dawa ya kuchua ya mume wangu. Nikadhani imeganda kwenye nguo zangu. Kisha nikaona pazia la kijani nililolishona mwenyewe, na ule upindo uliokwenda mshazari kwa sababu cherehani ilinikorofisha. Nikaona kikombe changu chenye ufa. Nikaona kochi letu, limebonyea pale pale ninapokaa mimi. Ukutani picha zetu za harusi zilitundikwa, fremu zilezile, ila nyuso zimefutwa zikabaki nyeupe. Bibi harusi asiye na uso amemshika mkono bwana asiye na uso. 

Ningetaka kusema nilielewa papo hapo, lakini ningekuwa naongopa. Nilisimama pale kama gogo, nawaza labda nimelala. Halafu likanijia lote kwa mpigo. Huko juu walisema yule mama mkaguzi wa zamani apewe shughuli yoyote leo, asiwe nyumbani. Huku chini hawakuambiwa ni kwa nini, na shughuli waliyokuwa nayo ilikuwa hii moja. Hakuna aliyejua jina la mgonjwa. Sheria yangu ilifanya kazi vizuri sana, Mungu anisamehe.

Simu ya mkuu ikalia, akatoka nje. Nikabaki na kijana mmoja aliyelala kitandani akiigiza mgonjwa, na msichana mmoja. Huyo msichana alivaa gauni langu la nyumbani. Si langu, la kufanana, lakini hata mfuko ulikuwa umechanika upande uleule. Akainuka kwenye kochi, akaguna kidogo, akashika kiuno, akaanza kutembea kuelekea jikoni. Sikujua mpaka siku ile kwamba mguu wa kushoto nauburuta. Nilimwangalia akinitembea chumba kizima, na nikatamani kumfuata nimwombe aniachie.

Nilijikaza. Mkaguzi akilia hatoki. Nikazunguka, nikaelekeza kidole hiki na kile, vitu vya upuuzi, zulia, balbu, ili nipate muda wa kufikiri. Na nilipopita karibu na mlango nikakuta mkongojo wa mgonjwa umeegemezwa ukutani, nikauchukua nikautundika nyuma ya kiti, mahali pake pa nyumbani. Sikuwaza. Mkono wenyewe ulikwenda, kama unavyokwenda kila siku nikifagia.

Msichana alisimama. Aliutazama mkongojo, akanitazama mimi, kisha akautazama mguu wangu wa kushoto. Akamwambia kijana atoke akavute sigara. Kijana hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

"Ni wewe," akasema, kwa sauti yangu. Kisha akajikohoza, akarudi kwenye ya kwake. "Mama, nimekuwa wewe wiki nzima."

Nikamuuliza wanakusudia kumfanya nini mume wangu. Hakunificha. Kuna chai, inatiwa kitu, mtu analala haamki, na daktari yeyote atasema ni moyo. Yeye ndiye wa kuipeleka. Macho ya mgonjwa hayatamtambua, na mgonjwa hawezi kukataa chai ya mkewe. Jana nilipokwenda kupima presha alikwishakwenda kwetu kujaribu, chai ikiwa haijatiwa kitu.

"Alinishika mkono akaniita bibie," akasema. "Hakugundua kitu."

Aliangalia mlango, akaniambia hataweza kuikataa kazi, lakini atachelewa kadiri atakavyoweza. Aliona aibu, nafikiri. Mkuu aliporudi nilimwonyesha dole gumba, chumba kimepita, nikamwambia tumbo linaniuma. Akanirudisha njia panda mwenyewe, akinishukuru.

Njia nzima nilikuwa na hofu, na juu ya hofu nilikuwa na hasira na yule mzee. Miaka yote hiyo kitanda kimoja! Nimemuuguza, nimemzalia, tumezika naye mtoto, halafu anakuja binti wa watu na gauni la kuiga, anapewa mkono na kuitwa bibie. Nilitaka nifike nimwambie nyumbu wewe. Lakini nilipofungua mlango wetu na kuona pazia, kikombe na picha, nilisimama kizingitini. Sikuwa na hakika niko kwangu mpaka nilipoziona nyuso kwenye picha.

Alikuwa kitini. Redio imezimwa.

Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika mikono, nikamwambia inuka mume wangu, tafadhali, tuondoke sasa hivi, tupitie nyuma, twende kwa kaka yako, nitakueleza njiani. Hakujitikisa. Aligeuza uso juu ya kichwa changu, pale anapodhani ndipo ulipo uso wa mtu.

"Binti," akasema taratibu, "chai leo hukuleta?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema hata jana aliambiwa hivyo. Nikamtajia jina tulilokuwa tukimwita marehemu mtoto wetu, jina la chumbani ambalo hatukumwambia mtu. Akatikisa kichwa. Akasema jana pia nilikuwa nalijua. Walikuwa wametusikiliza hata kitandani, mashetani wale.

"Jana nilikujua mara tu uliponiita mume wangu," akasema. "Mke wangu hajaniomba kitu kwa upole tangu tuoane. Angekuwa yeye, saa hizi angekuwa ameshanitukana na kunivuta kwa kola. Mimi siondoki na wewe, binti. Mke wangu yuko nje, akirudi asinikose. Wakitaka kunimaliza, wanimalize hapa, lakini yeye msimguse."

Nilitafuta ile hasira. Muda mfupi tu uliopita nilikuwa nayo barabarani, ilikuwa imejaa mdomoni. Nilifungua kinywa nimgombeze kama ninavyomgombeza kila siku ya Mungu kwa ajili ya soksi, kwa ajili ya redio, kwa ajili ya tume yake, na kilichotoka ni kilio na tafadhali, tafadhali. Kila nilivyozidi kumbembeleza ndivyo alivyozidi kujirudisha kitini, akiwa na huruma usoni kama mtu anayezungumza na mtoto wa jirani. Nikamvuta mkono. Mzee mzito, na mimi kiuno sina.

Nje gari likasimama. Akaliinulia sikio, akatabasamu.

"Huyo anakuja," akasema.

Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, tukamsubiri mke wake.