Gari Lililokufa Jumanne na Ijumaa

Mimi Nabalayo, fundi wa umeme wa magari hapa Manyatta, sijawahi kutukanwa na gari kama nilivyotukanwa na ile Peugeot 404 ya Mzee Zadock. Nasema kutukanwa kwa sababu nilikuwa nimeifanyia kila kitu.

Mzee alikuja kwangu kwa miguu kutoka Dunga, kule ufuoni mwa ziwa, kofia mkononi. "Nyathina," akaniambia, maana ananiita mtoto wake, "mke wangu, Mama Lornah, ana shida ya figo. Kila Jumanne na Ijumaa, saa moja asubuhi, lazima awe kwenye mashine ya kusafisha damu. Gari inakataa kuwaka. Mwezi huu amekosa zamu mbili. Daktari anasema tukiendelea hivi tutampoteza." Uso ule, haki, ungemlainisha hata askari wa kanjo anayekuja kubomoa kibanda.

Shida niliiona mara moja. Gari lilikuwa bado na dainamo ya mwaka wa sitini na nne, ile ambayo ukienda polepole haichaji chochote. Nikaing'oa. Nikatafuta alterneta ya gari la Probox, fundi mwenzangu Khaemba akanichomelea chuma cha kuishikilia, nikabadilisha mkanda, nikatupa katauti ya zamani, kile kidude cha kudhibiti chaji ya dainamo, nikavuta waya mpya mnene mpaka kwenye betri. Nikawasha. Mita ikasoma volti kumi na nne nukta mbili, taa zote zikiwaka! Mzee akapiga makofi. Na mimi, kwa mdomo wangu huu mrefu, nikasema, "Mzee, hii ikikataa tena nafunga kibanda, narudi Bungoma nikapalilie mahindi."

Jumanne likakataa.

"Imekufa tena, nyathina," Mzee akaniambia kwenye simu, akihema. Majirani wakalisukuma likawaka, wakafika hospitali wamechelewa, Mama akasafishwa nusu tu. Waliporudi nikapanda boda mbio. Betri ilikuwa tupu kabisa. Nikapima kama kuna waya unaovuja umeme, hakuna. Nikaweka betri mpya. Jumatano likawaka, Alhamisi likawaka. Ijumaa likafa, hata kusukumwa likakataa, Mama akakosa zamu, miguu ikamvimba mpaka viatu havimwingii. Nikaichaji betri tena, na Jumapili wakaenda kanisani bila shida yoyote. Yawa! Umeme utajuaje leo ni siku gani? Hapo ndipo nilipopaswa kufikiri. Sikufikiri. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira hupima waya uleule mara kumi.

Jumanne iliyofuata sikungoja simu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa langoni kwao. Nikamkuta mtu anaingia mbele yangu, suruali imelowa maji ya ziwa, betri yangu begani. Alikuwa Opiyo, mpwa wa Mama Lornah, mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa.

"Wewe! Hiyo unaipeleka wapi?"

"Narudisha," akasema, bila hata aibu. "Imewasha taa za omena usiku mzima."

Huku ufuoni hilo si wizi. Betri huazimwa kama chumvi, bora irudi kabla hakujapambazuka. Lakini mimi nilipandwa na hasira tupu. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamfokea mpaka kuku wakashuka mtini. "Unamuua shangazi yako kwa sababu ya omena?"

Opiyo akaishusha betri polepole. "Si yeye ndiye hunipigia simu? Kila Jumatatu na kila Alhamisi jioni. Ananiambia chukua, kesho gari haiendi mahali."

Nikaenda jikoni moja kwa moja. Mama Lornah alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa gauni la kwenda hospitali, miguu mitupu.

"Mama, ni wewe?"

Hakukana. "Zadock hunifunga viatu kila siku ya mashine, huku akiimba," akasema. "Nitamwambiaje nimechoka? Nikirudi kutoka kule nalala kama mfu siku nzima, nikiamka ni zamu tena. Nikaona heri gari ikatae badala yangu."

"Lakini utakufa, Mama!" Ilinitoka tu.

"Kwani unafikiri sijui?"

Wiki nzima nilikuwa nikitafuta kosa kwenye waya, na kosa lilikuwa limekaa hapa jikoni likinikaribisha chai kila nikija.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Zadock akaingia, koti limefungwa vifungo vyote, ufunguo mkononi, viatu vya mkewe kwapani. "Nyathina! Umekuja mapema. Umeipata shida ya gari?"

Mama Lornah akanitazama. Macho yale yaliniomba nidanganye, na uongo nilikuwa nao tayari. Alterneta mbovu, betri mbovu, Nabalayo fundi mbovu. Lolote lingepita.

Sikuweza. "Gari haina shida, Mzee. Niliitengeneza vizuri. Muulize Mama kama anataka kwenda."

Akacheka, kama mtu aliyeulizwa kama samaki anataka maji. Kisha akamgeukia mkewe, na mkewe hakuinua uso. Kicheko kikamkauka.

"Miaka miwili," akaniambia mimi, si mkewe. "Miaka miwili namfunga viatu hivi. Sijamuuliza hata siku moja."