Rosenda Aliposifiwa Redioni

Katika miaka kumi na tisa ya umeneja, Rosenda Palmares alikosea jambo moja tu: alitundika uso wake barabarani. Mtu yeyote angemwambia asithubutu. Huku kwetu Negros, kisiwa cha miwa cha Ufilipino, uso kwenye turubai una maana mbili. Ama mwenye uso anagombea udiwani, ama mwenye uso kala kitu na anataka mtabasamu naye. Meya wetu alipoila saruji ya daraja, siku mbili kabla ya wakaguzi kufika lilipanda bango lake pale sokoni, meno yote nje, na chini yake maandishi ya kutushukuru kwa kumwamini. Tangu hapo mtu akiliona turubai jipya anashika mfuko wake kwanza, kusoma baadaye.

Lakini Rosenda alikuwa na haraka. Wiki ile, mji wa jirani, bosi wa kampuni ya mikopo alitoweka na akiba za watu, akaacha gari uwanja wa ndege na mke kituo cha polisi. Rosenda, meneja wa chama cha akiba cha wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akaona awatulize wanachama wake mapema kabla hawajaanza kuulizana maswali. Akachapisha turubai la mita tatu: picha yake, nywele kazitengeneza, na maneno "Akiba zenu ziko salama. Msiwe na wasiwasi." Lilitundikwa Jumatatu asubuhi. Saa sita mchana foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa chama, imepita duka la mikate, imefika ngazi za kanisa.

Na kinachouma ni kwamba ilikuwa kweli. Akiba zilikuwa salama. Rosenda ni mtu wa kurudi njia nzima kwa jua kali kurudisha kalamu ya ofisi aliyoisahau kwenye pochi. Lakini pesa ya chama haikai sandukuni ikisubiri wote waje siku moja. Nyingi iko kwa wanachama wenyewe kama mikopo, inarudi kidogo kidogo. Alipiga hesabu mara tatu. Kwa foleni ile, sanduku lingekauka Jumatano mchana, na hapo angelazimika kufunga mlango. Wiki mbili baadaye kiwanda kingezima moto, na ungeanza wakati mfu, ile miezi ya kungojea miwa ikue, ambapo anayekula mara mbili kwa siku anaitwa tajiri. Wa nyuma ya foleni wangeingia huko mikono mitupu. Rosenda aliwajua wa nyuma kwa majina, na usiku ule hakula.

Wakubwa wakaja kumsaidia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Wa kwanza alikuwa Bwana Escarrilla, meneja wa kiwanda. Alikuwa na nia njema, tumpe haki yake. Jumatatu alasiri akabandika tangazo getini kwamba uongozi una imani kamili na chama cha akiba. Bahati mbaya, mwaka jana uongozi ulikuwa na imani kamili kwamba bonasi ya Krismasi italipwa, na mwaka juzi ulikuwa na imani kamili na mashine ya kukamulia miwa, wiki moja kabla haijala vidole viwili vya mwenzao Nestor. Watu wa zamu walilisoma tangazo, wakaomba ruhusa ya kwenda msalani, na wote wakaonekana kwenye foleni.

Wa pili alikuwa Dodong Marfori wa redio ya mjini. Dodong ana bei zake, na kila mtu anazijua. Kukusifu ana bei, kukutukana ana bei, na kukunyamazia ndiyo ghali kuliko zote. Lakini Rosenda alimsimamia binti wa Dodong ubatizo, basi wao wanaitana Mare na Pare, na kwa ajili ya undugu huo Dodong akamsifu Jumanne asubuhi bure, dakika arobaini, hadi sauti ikamkauka. Mwanamke mwadilifu, alisema. Mama wa wanyonge. Sasa nani amewahi kusikia Dodong akimsifu mtu bure? Kule kwenye foleni watu wakaulizana nani kamlipa, wakajijibu kamlipa mwenyewe Rosenda, na kwa pesa yetu. Foleni ikazunguka bustani ya mji mara mbili.

Rosenda akashindwa kukaa. Akatoka nje hadi kwa mzee aliyekuwa mbele kabisa, Tiyo Anselmo, mjomba wa mji mzima kwa heshima, mkata miwa aliyefanya kazi shamba moja na marehemu baba yake.

"Tiyo, umenijua tangu nabebwa. Nimewahi kukuibia?"

"Hujawahi, Inday." Mzee akavua kofia, akimwita kama wazee wanavyowaita mabinti wa nyumbani. "Nami nakuamini. Ila wewe ni meneja."

"Nimekuwa meneja miaka kumi na tisa."

"Hukuwa na bango."

Akachukua pesa zake, akaomba radhi kwa usumbufu, na kwa adabu yake akaacha viazi vitamu mezani. Wote walikuwa na adabu, hilo ndilo lililomkera Rosenda zaidi. Walimuuliza hali ya mama yake mgonjwa huku wakilamba kidole kuhesabu noti. Afadhali wangempigia kelele, angejua pa kushika.

Mchana huo Dodong akaja ofisini kwa mlango wa nyuma, kanywea.

"Nimekuharibia, Mare."

"Umeniharibia, Pare."

"Basi niache nikutukane."

Rosenda alidhani mwenzake kachanganyikiwa na jua. Dodong akamweleza taratibu, kama fundi anayeeleza kazi yake. Watu hawa hawasikilizi anachosema, wanasikiliza kalipwa na nani. Akimsifu, ni Rosenda kalipa. Akimtukana, watatafuta adui wa Rosenda, na wakishampata adui wao wenyewe watakuwa upande wake. Ameifanya kazi hii miaka ishirini na haijawahi kumwangusha.

Rosenda akakataa. Akasema hana nyumba ya maana, hana gari, hana mtoto. Ana jina tu, na hilo hataligawa redioni.

"Una jina, na una foleni," alisema Dodong. "Vyote viwili huwezi kubaki navyo."

Rosenda akachungulia dirishani. Mwisho kabisa wa foleni alimwona Nemesia, mjane, kajifunika kipande cha boksi kichwani, na mbele yake watu labda mia tatu. Nemesia hangefika dirishani kabla ya sanduku kukauka, na mwenyewe hakujua.

"Sema mimi nimekula," alisema mwishowe. "Usiseme chama kimekauka. Na mama yangu usimguse."

Dodong akakubali, ila akabaki amesimama, anakuna shingo. Kumbe alitaka malipo. Rosenda akatoa macho: asubuhi kamsifu bure, sasa anataka kulipwa ili amtukane? Dodong akasema si tamaa, ni kazi tu. Akitukana bila kulipwa sauti inatoka legelege na watu watasikia. Akaondoka na jogoo wa Rosenda kwapani.

Na kazi akaifanya. Jumatano saa moja asubuhi mji mzima ulisikia kwamba Rosenda Palmares anamega akiba za wavuja jasho kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, kwamba ana nyumba ya vigae huko Iloilo, ng'ambo ya bahari, kwamba ana mkufu wa lulu. Katikati ya maneno Dodong akalia. Rosenda alisikiliza peke yake ofisini, mikono juu ya meza, na ingawa kila neno alikuwa kaliruhusu mwenyewe, masikio yalimwaka moto kama ya mtoto aliyechapwa mbele ya darasa.

Nje, watu wa foleni wakageukiana. Halafu likaja lile swali lao: nani kamlipa Dodong? Safari hii halikuwachukua muda. Ni Escarrilla. Ile imani yake kamili ilikuwa mtego! Alitaka watoe akiba, chama kife, halafu wakati mfu uwakute hawana kitu wakakope kiwandani kwa riba ya kiwandani. Na meya yumo. Kila kitu kiliingiana vizuri sana, vizuri kuliko ukweli unavyoweza kuingiana. Escarrilla mwenyewe, masikini, akatoka getini kusema hana ugomvi wowote na chama, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini.

Saa tatu foleni ikaanza kukatika. Saa nne watu wakarudi, na sasa walikuwa wanaweka. Nemesia aliondoka hata kabla ya kufika dirishani, akasema pesa zake zikae. Jioni sanduku lilikuwa zito kuliko Jumatatu. Chama kilikuwa kimepona.

Wakati wa kufunga akaingia Tiyo Anselmo, na nyuma yake watu kumi na watano hivi, kofia mikononi, wamenyooka kama wanaokwenda kumwona padri. Mzee akaweka noti zake dirishani lakini hakuziachia.

"Inday, tumekaa tukaongea. Yale ya Dodong tumeyasikia."

"Tiyo, yale maneno—"

"Ngoja kwanza. Sisi hatuna kinyongo. Mshahara wenyewe ule, na mama mgonjwa nyumbani. Ukimega kidogo, nani akulaumu? Yule wa jirani alibeba zote. Wewe umetuachia nyingi." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wewe ni mtu wetu."

Nyuma yake wote wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa wakimtazama kwa upendo, upendo wa kweli, ambao miaka kumi na tisa ya kurudisha kalamu haikuwahi kumpatia. Vitabu vya hesabu vilikuwa nyuma yake, vimepangwa mwaka kwa mwaka, na angeweza kuvifungua hapo hapo juu ya meza. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba hajachukua hata senti. Lakini kila meneja husema hivyo. Wa mji wa jirani naye alisema hivyo, wiki moja kabla ya kupanda ndege. Aliuona mkono wa mzee juu ya zile noti, bado haujaachia.

"Sitarudia tena, Tiyo," akasema Rosenda.

Mzee akaachia noti.