Kiganja cha Seremala

Madaktari walikuwa wamekataa kumpasua seremala kwa sababu alikuwa amekonda, amebaki mifupa na ngozi, na jeraha la upasuaji lisingepona. Tangu hapo mkewe alimlisha mayai na uji wa maziwa, haba na haba, bila kuchoka.

Leo mtaalamu wa lishe alimzungushia utepe wa kupimia mkononi, akatabasamu, kisha akampa kipimo cha nguvu za kiganja. Mke alisogea karibu.

"Kaza, baba watoto! Usiuaibishe uji wangu!"

Seremala aliuma meno, akabana. Mshale wa kipimo ulipanda, ukaivuka alama waliyoingoja.

"Sasa unaweza kupasuliwa!" alisema mtaalamu.

Daktari wa upasuaji akaja kumpa mkono wa pongezi.

"Fundi, niachie!" akapiga kelele. "Kesho nitakupasua kwa mkono gani?"

Mke alicheka hadi machozi yakamtoka.