Kaya ya Mzee Mihuri

"Kipato cha kaya yenu kimezidi kiwango," karani wa dirishani akasema. "Bima ya mama imefungwa."

"Kipato gani, dada yangu? Mimi nashona viraka, mama anaumwa figo. Tuko wawili tu!"

Akageuza kompyuta nione. Mfumo mpya ulikuwa umetutia kwenye kaya moja na mamia ya watu, mkuu wa kaya akiwa Mzee Mihuri. Nilicheka kwa hasira. Huyo ndiye karani aliyetuandikisha zamani, kabla hajastaafu, na kila asiye na simu alimjazia namba ya simu yake yeye karani, ili mambo yaende. Mfumo ukaona namba moja, ukajumlisha vipato vyetu vyote. Eti sisi matajiri!

Nilimwacha mama kwenye benchi, uso umemvimba, pumzi inakatika. Asiposafishwa damu leo, hafiki kesho kutwa. Nikatoka mbio.

Nilimkuta mzee kibarazani kwake, simu mkononi, macho mekundu. Kando yake alikuwa baba mmoja ninayemfahamu vizuri, maana binti yake husafishwa damu kitanda cha jirani na mama. Mtoto alikuwa amemlalia begani, anahema.

"Wanangu, naweza kuwatoa kwenye kaya kwa simu hii," mzee akasema, "lakini inakubali mtu mmoja tu kwa siku. Eti kuzuia udanganyifu. Sasa nimtoe nani, jamani? Mimi nilidhani nawasaidia."

"Mimi nimetangulia," yule baba akasema polepole.

Kweli alitangulia. Lakini nilimkumbuka mama kwenye lile benchi, akili zikaniruka. Nikampokonya mzee simu, nikatafuta jina la mama, nikabonyeza. Mzee akapiga kelele. Yule baba hakuninyanyulia mkono. Alikaa tu, anampapasa mwanawe mgongoni.

"Nisamehe, kaka," nikasema.

Jioni mama alikuwa kwenye mashine, uhai umeanza kumrudia usoni. Akageuza shingo kutazama kitanda cha jirani.

"Mwenzangu mdogo yuko wapi leo?"

"Atakuja kesho, mama."

"Lakini juzi pia hakuja," akasema. "Mwanangu, mbona unalia?"