Herufi ya Jana

Mhariri wa sauti alimkuta shemeji yake, mdogo wa mumewe, amejikalia kwenye kiti chake cha kazi huku asilimia zikipanda kwenye skrini. Alipomuuliza anafuta nini, alijibu bila kugeuka kwamba anasafisha ile diski kuukuu, ambayo kompyuta inaiita b, apate pa kuweka video zake.

Mhariri akatazama diski mbili zilizochomekwa. Ile kuukuu ilikuwa imetulia tuli. Taa iliyokuwa ikimetameta ni ya ile nyeupe, yenye sauti ya mama mkwe akisimulia ukoo mzima, kabla kiharusi hakijamfunga ulimi.

Alichomoa waya kwa nguvu hata meza ikayumba.

Shemeji akafoka kwamba jana aliangalia kwa macho yake mwenyewe, b ilikuwa ile kuukuu. Jana, ndiyo. Lakini asubuhi umeme ulikatika, kompyuta ikawashwa upya, na kompyuta hugawa herufi kwa jinsi inavyozitambua diski, hii kwanza, ile baadaye; leo b ilikuwa ile nyeupe. Mhariri alishamwonya: kabla ya kufuta, andika lile jina refu lenye namba ya diski yenyewe, hilo halibadiliki. Yeye akacheka, akasema huko ni kujichosha bure.

"Kompyuta imekosea, shemeji," alisema sasa, sauti imemshuka.

"Haikukosea. Imekutii. Uliyeambiwa ukatia masikio pamba ni wewe."

Nakala haikuwepo. Nafasi ya kuiweka, shemeji alikuwa ameshaijaza video zake.

Mume alipofika alianza mambo ya yaliyopita si ndwele. Mhariri akamkata kauli: hayajapita, na aliyefuta aende mwenyewe kumweleza mama yake.

Alikwenda. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha kwa mkono wake mzima akavuta shuka, akajifunika uso. Shemeji akatoka analia. Mhariri akampisha mlangoni, hakumpa pole.

Kwa wiki nzima alihangaika na programu ya kuokoa mafaili. Mwanzo wote ulikuwa umekwenda, mababu na majina yao. Kilichorudi ni vipande vya utoto wa mama, na kicheko chake.

Alimvisha mama vipokea sauti masikioni. Mama akasikia sauti yake ya zamani, akakishika kidole cha mkwewe, akang'ang'ania. Mhariri alikaa naye hivyo, hasira haijamwisha, mpaka rekodi ilipokatika katikati ya neno.