Vipara Viwili

"Samahani, bwana," alisema Kitinda, akakipisha kwa adabu kitu alichokipiga kikumbo, kisha akaendelea na safari yake kuelekea kwenye meza ya dada yake. Alichokipiga kikumbo hakikuwa bwana wala bibi. Lilikuwa rundo la matairi sita ya lori, lililosimama penye mlango wa karakana tangu juzi, refu kama mtu na jeusi tii.

Wateja wawili waliokuwa wakingoja gari lao waliangua kicheko. Walimjua Kitinda kwa mizaha yake, wakadhani na huo ni mmojawapo. Naye aliposikia wanacheka akacheka pamoja nao, ila kicheko chake kilichelewa kidogo, kama mtu anayeitikia salamu asiyo na hakika kwamba ni yake. Dada yake peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia beseni la maji, akiuzamisha mpira wa ndani kutafuta tundu. Vipovu vilikuwa vimeanza kupanda, vikimwonyesha penye jeraha, lakini hakuviona tena.

Mtaa mzima ulimwita Mama Upepo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amevua, amevalisha, ameziba na amejaza matairi ya kila namna, hata watu wakazusha kwamba husikia tairi linalovuja kabla mwenye gari hajazima injini. Kitinda alikuwa kitindamimba wao, na jina hilo lilimganda hata akafika miaka arubaini na mmoja na mvi za pembeni. Mama yao alipofariki, Mama Upepo ndiye aliyemwogesha, akamsomesha, akampeleka kujifunza ufundi wa lifti. Sasa mwajiri wake alikuwa amemtoa kwenye lifti na kumweka ofisini apokee simu, kwa sababu alikuwa amekanyaga hewa mara mbili katika wiki moja.

Mama yao naye alikuwa hivyo. Aligonga milango, alimwaga chai, alinyoshewa mkono akauacha unaning'inia. Wao watoto walicheka. Walimwiga hata, mmoja akitembea huku amefumba jicho, wengine wakishika mbavu. Mama alikufa akiwa haoni kitu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba yale yalikuwa mambo ya damu.

Aliyewaambia ni daktari wa macho, mwezi uliopita. Alichora duara kwenye karatasi, akaanza kulipaka wino kutoka ukingoni kwenda ndani, taratibu, mpaka katikati pakabaki tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. "Hapa ndipo anapoonea," alisema. "Na wino unaendelea."

"Dawa yake?" aliuliza Mama Upepo.

Daktari aliirudisha kalamu mfukoni. "Asiendeshe gari tena."

Sasa Kitinda alikuwa amesimama mbele yake, mikono kaiegemeza mezani, macho yakimtazama usoni barabara. Ukimkabili hivyo, usingejua kwamba ana kasoro yoyote.

"Nataka matairi ya nyuma," alisema kwa sauti ya chini, wateja wasisikie. "Ya mashindano. Jumamosi ijayo, uwanja wa ndege wa zamani. Mita mia nne. Nimeshajiandikisha."

"Ulisikia alichosema daktari."

"Alisema naona mbele. Mbio hizi ni mbele tu, dada. Hazina kona, hazina njia panda, hazina mtoto wa kukatiza. Katika yote niliyokuwa nikiyataka, hili ndilo lililonibakia, na mwakani hata hili litakuwa limekwenda."

"Na nikikataa?"

"Ile barabara mpya ya kiwandani imenyooka kama rula. Alfajiri haina mtu."

Hakulisema kwa hasira wala kwa vitisho. Alilisema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake, na hapo ndipo lilipomwingia dada yake mifupani. Ukimkatalia, umemtupa barabarani. Ukimkubalia, umemsukuma uwanjani. Kuna siku mtu hupewa njia mbili, zote zina mwiba, akaambiwa achague na asichelewe. Mama Upepo alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka, kisha akafanya jambo pekee alilolijua. Akamwonyesha matairi.

Gari lenyewe alilijua kuliko alivyojua nyumba yake. Lilikuwa gari dogo la michezo, la milango miwili, rangi ya samawati, ambalo Kitinda alilifufua kipande kwa kipande kwa miaka minane. Lilikuwa gari la barabarani, la kwendea kazini na sokoni, ila lenye injini yenye kiburi, na kiburi hicho chote kilikwenda kwenye magurudumu ya nyuma.

"Haya uliyonayo," alisema, "yana kashata nzuri, hii michongo ya kutoa maji, na mpira mgumu wa kudumu. Ukiyakanyagia mafuta kwa nguvu yatazunguka palepale. Utatoa moshi, watu watashangilia, na gari halijaondoka." Akavuta tairi la pili kutoka kwenye rafu, pana, lenye mistari michache tu iliyochongwa. "Hili ni la kati na kati. Mpira wake laini, linang'ata lami, na sheria inaliruhusu barabarani. Lakini mvua ikinyesha, umepanda sabuni."

"Hilo ndilo ninalolitaka," Kitinda alisema upesi. "Nalifunga hapa, naendesha mwenyewe hadi uwanjani, nashindana, narudi nyumbani."

Mama Upepo alikwenda nyuma ya karakana akarudi akisukuma tairi la tatu. Halikuwa na kashata hata moja. Lilikuwa laini kuanzia bega hadi bega, ubavu wake umelegea kama shavu la mtoto.

Mmoja wa wateja alitupa jicho. "Mama Upepo, hilo si ndilo wewe hutugombeza tukija nalo? Leo unauza vipara?"

"Kipara cha uzee na kipara cha kunyoa si kimoja," alimjibu, na watu wakacheka, naye akafurahi kwamba wana cha kucheka.

Alipoinama tena karibu na nduguye, sauti yake ilibadilika. "Hiki ndicho cha mbio. Tunapunguza upepo, kinajibweteka chini, kinashika ardhi yote. Tarehe yake nimeiangalia, mpira haujazeeka. Upana unaingia bila kusugua bodi. Ila barabarani hakiruhusiwi. Gari litapakiwa kwenye lori mpaka uwanjani, nitavifunga kulekule, na ukimaliza nitavivua kulekule."

Kitinda alikipapasa kile kipara kwa kiganja, polepole.

"Umechagua kwa ajili ya injini yangu," aliuliza, "au kwa ajili ya macho yangu?"

"Nimechagua tairi linaloshika."

Lilikuwa jibu la kweli, na kila mmoja wao alijua kwamba halikuwa lote.

Siku ya Jumamosi anga ilikuwa kavu. Dereva wa lori alilishusha gari la samawati kwenye ukingo wa njia ya zamani ya ndege, akajiondokea kutafuta kivuli. Mama Upepo alipiga jeki, akafungua nati, akavifunga vile vipara viwili kwa mkono wake mwenyewe. Alipima upepo mara moja, akapunguza, akapima tena, akapunguza nusu ya pumzi. Aligundua kwamba anarudiarudia jambo lililokwisha kamilika. Kama kungekuwa na nati ya mia moja angeikaza, maana alijua kwamba akiinua mgongo kazi yake itakuwa imekwisha.

Mkaguzi wa mashindano alipita na ubao wake wa kuandikia. Alikuwa mzee mwenye sharubu, mtu wa maneno machache. Alitazama mkanda, breki, betri, akagonga tairi kwa kidole cha mguu. "Nani kachagua haya?"

"Mimi."

"Umechagua vizuri." Akaandika. "Na dereva?"

Kitinda alikuwa mbali kidogo, akihangaika na kamba ya helmeti. Mama Upepo alimtazama. Alikuwa amemlisha huyu kwa kijiko. Alikuwa ameapa kwamba hatamwambia mtu, na Kitinda hakuwa na siri nyingine duniani. Lakini upande wa pili wa njia aliliona gari jekundu la mfamasia mmoja kijana, na mke wa mfamasia yule akimfuta mumewe vumbi begani huku anacheka. Mshindani wa Kitinda ndiye huyo. Angekuwa kandoni mwake, hatua nne tu, mahali hasa ambapo Kitinda hana macho.

"Haoni pembeni," alisema. Yalimtoka kama upepo unaotoka kwenye tairi lililochomwa, haurudishiki. "Mbele anaona. Pembeni haoni kitu."

Mkaguzi aliacha kuandika. "Basi haendi."

"Asipokwenda hapa atakwenda kwenye barabara ya kiwandani. Amesema. Huyu akisema hutenda."

Mzee aliitazama njia, ukuta wa magunia ya mchanga huku na huku, uwanda wa kokoto mwishoni. "Nina ndugu pia," alisema hatimaye, akaondoka kuelekea kwenye gari jekundu. Akaongea na mfamasia dirishani. Mfamasia aligeuka, akalitazama gari la samawati, akainamisha kichwa.

Magari yakajipanga sambamba. Kitinda aliyazungusha magurudumu ya nyuma palepale ili mpira upate moto, na moshi mweupe ukapanda ukawafunika wote. Ulipotoweka, taa za mlingoti wa kuanzia zikaanza kuwaka kwenda chini: njano, njano, njano, kijani.

Gari jekundu halikuondoka.

Gari la samawati liliruka. Vipara havikupiga kelele wala havikuteleza. Vilijikunja, vikaishika lami, vikalirusha gari mbele hata pua yake ikainuka. Mama Upepo alikuwa amekishika kipimo cha upepo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika usukani, akaona upuuzi wa jambo hilo, wala hakukiachia. Huko aliko nduguye hapakuwa tena na dada wala daktari. Kulikuwa na kitundu cha ukubwa wa kifungo, na lami inayokimbilia ndani yake. Mita mia. Mita mia mbili. Lilinyooka, lilinyooka, likayumba kidogo, moyo wake ukayumba nalo, likanyooka tena. Likavuka mstari.

Baada ya mstari dereva hupunguza mwendo na kuingia njia ya kushoto ya kurudia. Kitinda hakuiona. Alipita, akaendelea, taa za breki zikawaka, gari likaingia kwenye uwanda wa kokoto, likazama, likasimama. Vumbi likalifunika.

Mama Upepo alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti ya mtu aliyepiga magoti maisha yake yote, lakini alikimbia. Mkaguzi alimwita, akampungia mkono kwamba gari la huduma linakuja, hakungoja. Njiani alikuwa akiliandaa jibu, maana swali alilijua. Magari matatu, atasema. Umemwacha kwa magari matatu. Uongo ulikuwa umekaa ulimini, tayari, mtamu.

Alimkuta Kitinda amekwishateremka, mzima, ameegemea mlango.

"Yule wa gari jekundu," alisema bila kugeuka, kwa kuwa alizitambua hatua. "Nimemwacha kwa kiasi gani?"

"Umetumia sekunde kumi na mbili na nusu."

"Sikuuliza saa, dada."

Mama Upepo alifungua kinywa. Ule uongo haukutoka.

"Niligeuza kichwa," Kitinda alisema. "Nilipokuwa nikiingia gia ya tatu. Najua ni ujinga, ndiyo maana gari liliyumba. Nilitaka tu kumwona mwenzangu, mtu anayekimbia pamoja nami. Nikaona lami tupu. Nikadhani yuko kwenye giza langu. Nikageuza zaidi. Lami." Alimgeukia. "Ulimwambia nani?"

"Mkaguzi."

"Lini?"

"Ulipokuwa ukifunga helmeti."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu alivyokwisha vipoteza. Dada yake alingoja amtukane. Angalau tusi lingekuwa kitu cha kushika. Kitinda hakumtukana. Alisema tu, "Kwa hiyo nilikuwa peke yangu," na sauti yake haikuwa ya kuuliza.

Mama Upepo hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwisho alichutama penye gurudumu la nyuma. Kipara kilikuwa kingali cha moto, kinanata kama gundi, kimejaa kokoto toka bega hadi bega. Akaanza kuzibandua, moja moja. Haikuwa lazima, kwani dakika chache baadaye angevivua vipara vyote viwili. Zilimchoma vidole. Aliendelea.

Baada ya kitambo alisikia kokoto zikilia chini ya viatu vya nduguye. Kitinda alichutama kando yake, upande wake wa kulia, akapapasa mpira, akaanza naye kubandua.

"Umeiruka moja," Kitinda alisema. "Hapa ubavuni."

Dada yake akaangalia. Kweli, aliiruka.

Kule mwanzo wa njia taa ziliwaka kijani kwa watu wengine. Magari mawili yalinguruma pamoja, yakaja, yakavuka mstari, yakaingia njia ya kushoto, yakaanza kurudi. Kitinda aliacha kubandua. Aliinua uso, akaukaza kuelekea huko ilikotoka ngurumo, shingo imemnyooka, macho hayapepesi, akingoja yafike.

Mama Upepo hakumwambia kwamba yalikwisha pita.